Adui Aliyegeuka Jirani: Amri ya Upendo katika Historia ya Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Miongoni mwa amri za Bwana Yesu, hakuna iliyo ngumu kushikwa kuliko ile iliyomo katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, inayowataka wafuasi wake wawapende wanaowachukia na kuwaombea wanaowatesa. Kumpenda mtu wa nyumba moja, wa kabila moja au wa imani moja hakuhitaji neema ya pekee. Hata wasiomcha Mungu hufanya hivyo. Ugumu huanza pale anayehitaji msaada anapokuwa ndiye yule aliyedhuru, au anapotoka kwa watu waliodhuru.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga mpakani mwa Burundi hadi Ujiji na mdomo wa Mto Malagarasi, umeipima amri hiyo zaidi ya mara moja. Hapa ilipita misafara ya watumwa, hapa mataifa ya Ulaya yalipigana, na hapa walifika mamia ya maelfu ya watu waliokimbia vita vya Burundi na Kongo. Washarika wa Buzebazeba, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, wanaishi katikati ya alama za mambo hayo. Usharika unapohesabu miaka mia moja ya neema ya Mungu, ni vema kuangalia jinsi amri hiyo ilivyotiiwa, na pia ilivyovunjwa, katika nchi hii.

Mgonjwa wa Ujiji

Mwanzoni mwa mwaka 1869 Dkt. David Livingstone, mmisionari Mskoti aliyeichukia biashara ya utumwa kwa moyo wake wote, alishikwa na ugonjwa wa mapafu akiwa magharibi mwa ziwa. Hakuweza tena kutembea. Aliyemwokoa alikuwa Mohamed bin Gharib, mfanyabiashara Mwislamu wa pembe na watumwa. Huyu alimuuguza, akaamuru abebwe kwa machela hadi ufukweni, na tarehe 14 Machi 1869 Livingstone akafika Ujiji akiwa hai. Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na rafiki wa siku ile alikuwa mtu ambaye Livingstone aliipinga kazi yake hadharani.

Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alishuhudia mauaji ya soko la Nyangwe, kando ya Mto Lualaba, ambako watu wa wafanyabiashara waliwapiga risasi wanunuzi na wauzaji, wengi wao wanawake. Mamia walikufa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Alirudi Ujiji mwezi Oktoba akiwa amevunjika moyo, akakuta mali yake yote imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Katika siku hizo za ufukara alijifananisha, katika kumbukumbu zake, na yule msafiri wa Luka sura ya 10 aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, akiona kwamba hakuna Msamaria atakayepita njia ile. Hata hivyo Mwarabu mmoja wa Ujiji, Said bin Majid, alimwendea faraghani akaomba auze sehemu ya pembe zake ili ampatie mahitaji. Siku chache baadaye akafika Henry Morton Stanley na msafara wake.

Kisa hiki kina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba Msamaria hutoka mahali asipotazamiwa. La pili ni kwamba fadhila haikumfunga Livingstone mdomo. Habari alizoandika juu ya Nyangwe zilifika Uingereza mwaka 1872, zikaongeza nguvu ya madai yaliyomfikisha Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Hakuyafumbia macho maovu kwa sababu ya fadhila, wala hakuikana fadhila kwa sababu ya maovu. Historia ya haki inaongeza jambo moja: waliobeba machela yake, na watumwa waliofungwa minyororo katika misafara ile ile, majina yao mengi hayakuandikwa. Upendo kwa adui ambao humsahau aliyeumizwa na adui huyo haujatimia.

Meli iliyojengwa kwa vita

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kilitengeneza meli, kikaifungua vipande vipande na kuipakia katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalisafirishwa hadi Dar es Salaam, na kutoka huko yakaja Kigoma kwa reli iliyokuwa imefika ziwani mwaka 1914. Meli hiyo, iliyoitwa Graf von Götzen, iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915 ikiwa na kazi ya vita. Waingereza na Wabelgiji nao walileta vyombo vyao, na ziwa likawa uwanja wa mapigano. Wapiganapo tembo nyasi huumia: wapagazi na askari Waafrika walikufa pande zote katika ugomvi ambao hawakuuanzisha wao.

Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipoiacha Kigoma, waliizamisha meli yao karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili adui asiitumie. Lakini mafundi walioijenga waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuizamisha, wakaihifadhi badala ya kuiharibu. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa. Kazi ya mikono ya upande mmoja wa vita ilikamilishwa na mikono ya upande wa pili, na watu wa mwambao wakapata usafiri kwa vizazi kadhaa.

Mwezi Mei 2015 meli hiyo ilipata kazi nyingine. Maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa walijazana katika kijiji cha wavuvi cha Kagunga, chini ya milima, pasipo barabara ya magari. Kipindupindu kiliingia na makumi ya watu walikufa. Liemba iliwachukua wakimbizi, mamia katika kila safari, hadi Kigoma, ambako walipokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Chombo kilichoundwa ili kuua adui kilikuwa sasa kinaokoa wageni.

Walutheri waliotoka katika uadui

Vita hivyo viliwagusa Walutheri moja kwa moja. Wamisionari Wajerumani waliondolewa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakarudi katika miaka ya 1920, kisha wengi wakawekwa kizuizini Vita Kuu ya Pili ilipoanza. Makanisa waliyoyaanzisha hayakuachwa yatima. Viongozi Waafrika waliyashika, na Walutheri kutoka Sweden na Marekani, wakiwemo wa Kanisa la Augustana, walisaidia kazi iliyokuwa imeanzishwa na Wajerumani, hata wakati Marekani na Ujerumani zilipokuwa vitani.

Mwaka 1947 Walutheri wa mataifa yaliyokuwa yametoka kupigana walikutana Lund, Sweden, wakaanzisha Fungamano la Kilutheri Ulimwenguni. Rais wake wa kwanza alikuwa Anders Nygren, mwanatheolojia aliyejulikana kwa uchambuzi wake wa neno agape, yaani upendo wa Mungu usiotafuta sifa njema ndani ya anayependwa. Wakati ule Walutheri wengi sana walikuwa wenyewe wakimbizi, kwa hiyo kuwahudumia waliofukuzwa makwao kukawa sehemu ya kazi ya Fungamano tangu mwanzo.

Matunda ya uamuzi huo yalifika magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya makanisa saba kuungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lililo leo KKKT, Fungamano liliunda shirika la TCRS kuwahudumia wakimbizi wa Rwanda. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, TCRS ilishirikiana na Serikali na Umoja wa Mataifa katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo. Ulyankulu ni mahali ambapo mwaka 1871 majeshi ya Mtemi Mirambo na Waarabu yalimwaga damu. Wakimbizi walipewa ardhi, wakalima, wakajenga shule na makanisa. Kufikia mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na wazao wao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania.

Mzigo wa wenyeji na ushuhuda wa jirani

Haitakuwa kweli kuandika kwamba ukarimu huo haukuwa na gharama. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na vita vya Kongo kuanzia mwaka 1996, Tanzania ilihifadhi zaidi ya nusu milioni ya wakimbizi, sehemu kubwa mkoani Kigoma. Misitu ilikatwa kwa kuni, silaha zilivuka mpaka, ujambazi uliongezeka barabarani. Katika vijiji vingi mkimbizi aliyepokelewa kama mgeni alianza kutazamwa kama adui. Wengine walisahau kwamba wengi waliokimbia walikuwa wahanga, na kwamba kosa la jambazi mmoja si kosa la kambi nzima.

Lipo pia jambo zito zaidi. Waliouana Burundi na Rwanda walikuwa kwa sehemu kubwa watu waliobatizwa. Maji ya ubatizo hayakuzuia panga. Hili ni onyo kwa kila usharika unaohesabu idadi ya washarika wake bila kuuliza wanawahesabu nani kuwa jirani.

Lakini katika nchi hizo hizo ushuhuda ulikuwepo. Katika mji wa Ruyigi, mashariki mwa Burundi, Marguerite Barankitse, mwanamke Mtutsi, aliwaficha Wahutu mwezi Oktoba 1993. Wauaji walimfunga, wakawaua watu zaidi ya sabini mbele ya macho yake. Baadaye aliwalea watoto yatima wa pande zote mbili katika nyumba aliyoiita Maison Shalom. Na katika Seminari ya Buta, mkoani Bururi, tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wale walikataa kutengana. Arobaini waliuawa. Walikuwa Wakatoliki, lakini somo lao halina dhehebu.

Neno kwa karne ijayo

Katika visa hivi vyote, upendo kwa adui haukuonekana kwanza kama hisia moyoni. Ulionekana kama kazi: kumuuguza mgonjwa, kuihifadhi mitambo, kugawa ardhi, kulea mtoto wa aliyemuua ndugu, kukataa kusogea upande ulioamriwa. Wala haukuwa upendo wa kunyamazia uovu, kwa maana aliyepona kwa mkono wa mfanyabiashara wa watumwa aliendelea kuushitaki utumwa. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 12, anaanza na mambo madogo kama hayo, chakula kwa adui mwenye njaa na maji kwa mwenye kiu, akiacha kisasi mikononi mwa Mungu.

Usharika ulio katika mji wenye Waislamu wengi, Waha na Wamanyema, wavuvi na wafanyabiashara, wenyeji na waliokuja kwa mitumbwi usiku, hauhitaji kwenda mbali kuitafuta nafasi ya kuitii amri hiyo. Katika miaka mia iliyo mbele, mtu mwingine atabebwa hadi ufukwe huu akiwa hoi, naye huenda akawa wa watu wasiopendwa. Wajibu wa usharika ni kuwa na watu walio tayari kuipokea machela.