Kombi, sheria ya moshi na sailensi iliyogoma

Wadau, leo tuongelee sailensi. Namaanisha ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama kwenye taa, mguu hauko kwenye mafuta. Kwenye kombi za zamani za Volkswagen mngurumo huo una historia yake, na wanasiasa wamo.

Kombi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950. Injini nyuma, inapozwa kwa hewa, kabureta moja. Sailensi ikisumbua ulianza na valvu, halafu pointi na taimingi, kabureta mwisho. Wengi walianzia mwisho (bisibisi tamu jamani!) wakaharibu zaidi. Mwaka 1969 injinia John Muir akatoa kitabu cha kumfundisha mtu asiye fundi kutengeneza Volkswagen yake mwenyewe. Mahipi wakakibeba kama msahafu. Kombi za 1972 zikaja Marekani na kabureta mbili. Zisipovuta hewa sawasawa, gari linatetemeka kama lina malaria.

Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilikuwa limebana sheria ya hewa safi. Kombi za 1975 za soko hilo zikaondolewa kabureta, zikafungwa mfumo wa Bosch uitwao L-Jetronic. Hapa ndipo penye utamu. Kwenye njia ya hewa kuna kibao. Hewa inakisukuma, kifaa cha umeme kinapima kimesogea kiasi gani, nozeli zinamwaga petroli kwa kiasi hicho. Sasa hewa ikipenya baada ya kibao, haijahesabiwa. Mpira ukipasuka, hata mfuniko wa oili ukilegea, petroli inakuwa pungufu na sailensi inayumba. Mafundi wajanja wanafungua mfuniko huo makusudi injini ikiwaka: ikiyumba au kuzima, mfumo umeziba vizuri. Isipojali, ujue kuna hewa nyingine inaingia kwa mlango wa nyuma.

Wamarekani wengi walichoka, wakang'oa mfumo wote na kurudisha kabureta. Mimi naona walimwonea Bosch. Mara nyingi kilichozeeka ni mipira ya bei ndogo tu.

Brazil waliendelea na injini ya kupozwa kwa hewa hadi Desemba 2005, sheria ya moshi ikaiondoa nako. Wakaweka injini ya maji. Kombi ya mwisho ikatoka 2013, safari hii sheria ikidai eabegi na breki za ABS.