Kicheko cha Msibani: Tamthilia ya Siri ya Mtungi na Mwambao wa Kaskazini wa Tanzania

Katika jamii nyingi za mwambao wa Tanzania na bara lake, mtani anaruhusiwa kumdhihaki marehemu mbele ya wafiwa, hata kuzuia mazishi hadi apewe chochote. Kucheka penye majonzi, kwa hiyo, si jambo geni. Makala haya yanaitumia desturi hiyo kufafanua Siri ya Mtungi, tamthilia ya televisheni iliyoanza kurushwa Desemba 2012 kupitia ITV na EATV. Hoja kuu ni kwamba ucheshi wake mchungu ulikuwa na mizizi katika mwambao wenyewe, ilhali ufupi wa maisha yake ulitokana na namna ilivyogharimiwa.

Tamthilia hiyo ilitengenezwa na MFDI kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kwa fedha za Marekani za kupambana na UKIMWI. Mandhari yake ni Bagamoyo. Cheche, mpiga picha na mume wa Cheusi, anavutwa na tamaa nje ya ndoa. Mzee Kizito ana wake kadhaa na watoto wengi. Maudhui ni mazito, lakini mtazamaji hucheka kwanza, kisha hutambua kwamba anachokicheka kinaweza kuua. Jina lenyewe limetokana na methali: siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huijua siri kwa sababu huingia ndani. Vivyo hivyo mtani hukubaliwa kusema lisilosemeka kwa kuwa ni mtu wa ndani. Bango la kampeni ya afya huamuru likiwa nje.

Kaskazini ya Bagamoyo, mwambao huohuo wa Mrima unapita Saadani hadi Ushongo, wilayani Pangani. Mkazi wa Ushongo hakuhitaji kufafanuliwa ndoa za mitala wala uzito wa aibu ya nyumbani. Hata hivyo, tamthilia ilianza wakati mitambo ya analojia ikielekea kuzimwa: Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga tarehe 31 Januari 2013. Kuanzia hapo, televisheni isiyo na king'amuzi haikutosha. Hadithi iliyomhusu mtazamaji wa kijijini ilimjia wakati gharama ya kuitazama ilipopanda.

Siri ya Mtungi ilikoma baada ya vipindi 26 katika misimu miwili. Tamthilia ya kibiashara huendelea maadamu watazamaji wanaleta matangazo. Tamthilia ya mradi hudumu kadiri ya bajeti ya mfadhili, na mtazamaji hana kura. Kwa mantiki hiyo, idadi ya vipindi si kipimo cha kukubalika kwake. Mwanahistoria anayeipima kwa umri wake pekee atakuwa ameandika historia ya ufadhili, na kukiacha nje kicheko cha waliolengwa.