Taa ya Nyuma ya Gari la Moshi

Wanafunzi wa Bukoba na Muleba, wekeni kalamu chini kwanza, msikilize.

Somo letu la leo ni historia ya taa za gari la moshi. Labda mmoja wenu atauliza, "Kwetu hakuna reli, habari hii yatuhusu nini?" Yatuhusu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kahawa ya Bukoba ilivuka ziwa kwa meli, kisha ikapakiwa katika mabehewa kwenda pwani. Usalama wa reli ulikuwa usalama wa jasho la mkulima.

Reli hiyo ilikuwa ya njia moja. Gari liendalo na gari lirudilo lilipita juu ya vyuma vile vile. Kwa hiyo dereva hakuondoka stesheni mpaka apewe ruhusa. Lakini usiku, katika kelele za injini, dereva na mtu wa ishara wangesemezanaje? Walisemezana kwa taa. Nyekundu ilisema, "Simama." Kijani ilisema, "Pita." Gadi, aliyekaa katika behewa la mwisho, alikuwa na taa ya mkono yenye vioo vya rangi. Akionyesha kijani, dereva alijua kwamba nyuma ni tayari.

Zamani, huko Uingereza, taa nyeupe ndiyo iliyosema, "Pita." Basi kioo chekundu kikivunjika, taa ile ile ya hatari iligeuka nyeupe, ikamwita dereva kwenye mauti. Kwa sababu hiyo, karibu na mwisho wa karne ya 19, nyeupe iliachwa na kijani ikashika mahali pake.

Sasa tazameni taa nyekundu ya mwisho wa gari. Kazi zake ni mbili. Kwanza, humwonya dereva ajaye nyuma. Pili, humwambia mtu wa stesheni kwamba gari limepita zima. Asipoiona, je, upepo umeizima? Au kiungo kimekatika, na mabehewa yamebaki njiani gizani? Hawezi kujua. Basi hasemi kwamba njia ni wazi. Hupiga simu stesheni ya mbele, gari lisimamishwe na kukaguliwa. Huenda ikaonekana kwamba mafuta ya taa yalikwisha tu, na abiria wakanung'unika kwa kucheleweshwa. Na wanung'unike, ni afadhali kuchelewa kuliko kuzikwa.

Hatari ya mabehewa yaliyoachwa ni kwamba mlimani huweza kurudi nyuma yenyewe. Tarehe 24 Juni 2002, katika Mkoa wa Dodoma, gari zima la abiria lilirudi nyuma mteremkoni, likagongana na gari la mizigo. Watu zaidi ya 200 walikufa. Hapo twajifunza jambo jingine: taa huonya, lakini haishiki gurudumu. Breki nazo lazima ziwe nzima.

Mwisho, nendeni ufukweni usiku mtazame meli. Upande wake wa kushoto ina taa nyekundu, na upande wa kulia kijani. Hapo nyekundu haisemi, "Simama", yaonyesha upande. Nazo karabai za wavuvi wa dagaa huko Bumbire haziamuru mtu, zinavuta samaki. Kumbe rangi peke yake haina maana. Maana yake ni mapatano ya watu, na anayeyavunja huhatarisha wenzake wote.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini taa nyeupe iliachwa kuwa ishara ya kupita?
2. Mtu wa stesheni asipoiona taa ya nyuma hufanya nini, na kwa nini?
3. Tajeni ishara moja ya kijijini kwenu ambayo kila mtu anaielewa bila maneno.