Frankfurt hadi Berlin ni Saa Moja, Lakini Lufthansa Ilingoja Miaka 35

Wasee, jana usiku nilikuwa macho tu na simu, nikauliza swali la kijinga: Frankfurt hadi Berlin ni mbali aje? Jibu likaja: angani ni kilomita 425 hivi, ndege inachukua kama saa moja na dakika kumi. Nikataka kulala. Halafu nikakumbuka ramani ya zamani ya Ujerumani, usingizi ukaisha.

Vita vilipoisha 1945, washindi wanne waligawana Ujerumani: Marekani, Uingereza, Ufaransa na Muungano wa Sovieti. Berlin pia ikagawanywa, ingawa mji wote ulikuwa ndani ya eneo la Wasovieti. Ili wale wengine wafike huko kwa ndege, Novemba 1945 zikakubaliwa njia tatu za angani: ya Hamburg, ya Hannover na ya Frankfurt. Kila moja ilikuwa na upana wa kilomita 32. Ukitoka nje ya hapo, ni shida yako.

Juni 1948 Wasovieti wakafunga barabara, reli na mifereji. Watu zaidi ya milioni 2 wa Berlin Magharibi wakabaki kutegemea hizo njia tatu tu. Ndege zikabeba unga, maziwa, dawa, na zaidi ya yote makaa ya mawe. Ziliingia kwa njia mbili za kando, zikatoka kwa ile ya katikati ili zisikutane. Kuanzia tarehe 15 hadi 16 Aprili 1949, kwa saa 24 tu, safari zilikuwa karibu 1,400. Hiyo ni karibu ndege moja kila dakika, mazee! Mei hiyo barabara zikafunguliwa.

Unadhani stori iliisha hapo? Zii.

Sheria za angani zilibaki. Ni ndege za Marekani, Uingereza na Ufaransa pekee zilizoruhusiwa kupeleka abiria Berlin Magharibi, na zilipaswa kukaa chini ya mita 3,000 hivi. Huko chini jeti inakula mafuta sana na inatikisika. Lufthansa, kampuni ya Wajerumani wenyewe, ilianza tena kuruka 1955, lakini kwenda Berlin ilikuwa marufuku. Mjerumani wa Frankfurt akitaka kuruka kwenda mji wa Kijerumani, alipanda Pan Am ya Marekani. Ukuta ulianguka Novemba 1989, Ujerumani ikaungana tarehe 3 Oktoba 1990, na mwezi huo huo Lufthansa ikarudi Berlin.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hii sijafundishwa na lekchara yeyote. Lakini nimeelewa kitu kimoja: kilomita hazikuwahi kubadilika. Zilikuwa 425 wakati wa njaa, 425 wakati wa ukuta, na ni 425 leo. Kilichobadilika ni nani ana ruhusa ya kupita. Kwa hivyo ukiambiwa mahali ni saa moja tu, uliza kwanza: saa moja ya nani?