Bingwa wa Mapafu katika Chumba cha Wagonjwa Mahututi

Bingwa wa mapafu ni daktari aliyebobea kwanza katika magonjwa ya ndani ya mwili, kisha akajikita kwenye njia za hewa. Penye wagonjwa mahututi huamua mashine ya kupumulia isukume hewa kiasi gani, na mgonjwa aachishwe lini. Kuachisha ndiko kugumu zaidi.

Vyumba vya wagonjwa mahututi havikuanzishwa na watu wa mapafu. Polio ilipolipuka Copenhagen mwaka 1952, Bjørn Ibsen, daktari wa nusukaputi, alitaka wagonjwa watobolewe koo na kupulizwa hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wakapokezana zamu usiku na mchana. Hadi leo Kenya huwategemea sana madaktari wa nusukaputi, ilhali Marekani huunganisha mafunzo ya mapafu na ya mahututi.

Kayole, mashariki mwa Nairobi, kuna kazi tele ya mtaalamu huyu. Jaa la Dandora, lililotangazwa kujaa mwaka 2001 lakini likaendelea kupokea taka, hutoa moshi si mbali na hapo. Nyumbani kuna jiko la makaa, na kifua kikuu hakijatoweka. Aliyekwisha kupona kifua kikuu aweza kubaki na makovu yatakayomsumbua siku atakapopata nimonia. Picha yake ya kifua humchanganya asiyeizoea: lipi kovu la zamani, lipi ugonjwa mpya?

Mashine nayo haina kipimo kimoja kwa wote. Mwenye pumu kali apewe nafasi ya kutoa pumzi hadi mwisho, la sivyo hewa hunasa kifuani na kuukandamiza moyo. Ambaye mapafu yake yamejaa majimaji apewe pumzi ndogo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulilinganisha mililita 6 na 12 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu: vifo vilishuka kutoka asilimia 39.8 hadi 31. Hewa nyingi si hisani.

Kigezo cha kuutambua ugonjwa huo wa mapafu kujaa majimaji kilidai mashine na kipimo cha gesi za damu, vitu adimu katika hospitali nyingi za kwetu. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Kigali walipendekeza kutumia kidude cha kubana kidoleni badala ya kipimo cha gesi, na kipimo cha mwangwi badala ya eksirei. Pendekezo hilo limeingia katika kigezo cha kimataifa cha 2023.

Kutoka Kayole mgonjwa huanzia kwa kawaida hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Akizidiwa, huenda akapelekwa hospitali ya Kenyatta, ng'ambo ya jiji. Oktoba 2015 majeruhi mmoja wa ajali alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha mahututi, kisha akafariki. Vitanda hununuliwa upesi kuliko madaktari wanavyofunzwa: Addis Ababa, mafunzo ya pamoja ya mapafu na mahututi yalianza 2013 tu, na huchukua miaka 2 juu ya ubingwa wa awali.