Kura ya Jambo Moja: Vita vya Pombe na Uaminifu wa Wapiga Kura katika Marekani, 1893–1933

Kabari ni kipande cha mti au chuma kilichochongwa kikawa chembamba upande mmoja. Mpasuaji huitia katika ufa wa gogo, akaigonga, na gogo lisilotengeka kwa nguvu za mikono hupasuka. Masharti yake ni mawili: ufa uwe umekwisha kuwako, na kabari ipate mahali pa kuingia. Siasa nazo zina kabari zake. Kabari ya siasa ni jambo ambalo wafuasi wa chama kimoja hawana kauli moja juu yake, na ambalo baadhi yao hulithamini kuliko chama chenyewe. Mtu apigaye kura kwa ajili ya jambo hilo peke yake, asijali kodi wala shule wala barabara, tutamwita hapa mpiga kura wa jambo moja. Nia ya makala hii ni kutazama mfano wake ulio mashuhuri, yaani vita vya pombe katika Marekani, ili tujue nguvu ya wapiga kura hao ilitoka wapi, na uaminifu wa watu kwa vyama vyao uligeuka kwa kadiri gani.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 chama kwa Mmarekani kilikuwa kama urithi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865 viliwaacha weupe wa Kusini katika chama cha Democratic, na watu wengi wa Kaskazini katika chama cha Republican. Mtoto alipokea chama kwa baba yake kama alivyopokea jina. Waliochukia pombe walikuwamo katika vyama vyote viwili, na hapo ndipo ufa ulipokuwa. Mnamo 1869 baadhi yao waliunda Chama cha Marufuku, wakawataka watu wavihame vyama vya baba zao. Wachache waliitikia. Mwaka 1892, uliokuwa mwaka wake bora, mgombea wa urais wa chama hicho alipata kura 270,000 hivi katika jumla ya milioni 12. Lakini miaka minane kabla ya hapo lilitokea jambo la kuzingatiwa. Katika uchaguzi wa 1884 jimbo la New York, lililoamua nani awe rais, lilimwendea Grover Cleveland wa Democratic kwa kura zilizozidi 1,000 kidogo tu, na John St. John wa Chama cha Marufuku alipata kura 25,000 katika jimbo hilo hilo. Ilidhihirika kwamba kundi lisiloweza kushinda laweza kuamua nani ashinde.

Waliolitumia somo hilo kwa ukamilifu walikuwa watu wengine. Mnamo 1893, katika mji wa Oberlin, jimbo la Ohio, mchungaji Howard Hyde Russell alianzisha Anti-Saloon League, yaani Jumuiya ya Kupinga Vilabu vya Pombe. Jumuiya hii haikuwa chama wala haikumtaka mtu ahame chama chake. Iliwauliza wagombea swali moja tu: ukichaguliwa, utapiga kura gani juu ya pombe? Aliyejibu vema alipewa kura za wafuasi wake, awe Republican au Democratic, na aliyejibu vibaya alinyimwa. Mtaalamu mkuu wa kazi hii alikuwa Wayne Wheeler, aliyezaliwa Ohio mwaka 1869, akasoma Oberlin, kisha akawa mwanasheria na kiongozi wa Jumuiya hadi kufa kwake mwaka 1927.

Ohio ilionyesha nguvu ya mpango huo mwaka 1905. Gavana Myron Herrick wa Republican alikuwa amechaguliwa mwaka 1903 kwa ziada ya kura zaidi ya 100,000. Mwaka uliofuata aliidhoofisha sheria iliyokusudiwa kuwapa raia wa mitaa uwezo wa kufunga vilabu kwa kura zao, na Jumuiya ikaazimia kumwondoa. Wafuasi wake walihimizwa makanisani na katika mikutano wampigie John Pattison wa Democratic, aliyekuwa mpinzani wa pombe. Herrick alishindwa kwa kura zipatazo 43,000. La ajabu ni kwamba wagombea wengine wa Republican walioshindania vyeo vya jimbo siku ile ile walishinda. Maelfu ya watu, basi, walikiacha chama chao kwa cheo kimoja tu, wakabaki nacho katika vyeo vyote vilivyosalia.

Matokeo hayo yanatufundisha mengi juu ya uaminifu. Mpiga kura wa Ohio hakubadili dini yake ya siasa. Aliikopesha kura moja kwa siku moja. Jumuiya haikuhitaji zaidi ya hapo. Tuchukue mtaa wenye wapiga kura 100, upande mmoja una 52 na wa pili 48. Watatu tu wakitoka upande wa kwanza kwenda wa pili, hesabu inageuka kuwa 49 kwa 51, kwa sababu kila ahamaye huondoa kura moja huku na kuongeza moja kule. Mwanasiasa wa mtaa huo hatawaogopa wale 97 waliotulia, maana anajua watakakokuwa, atawaogopa watatu. Lakini pale upande mmoja una 80, watatu hao hawana thamani. Nguvu ya kura ya jambo moja, kwa hiyo, haitoki katika wingi wa waipigao. Hutoka katika utayari wao wa kuhama, na katika ukaribu wa vyama vinavyoshindana.

Lugha nayo ilifanya kazi. Wamarekani waliwagawanya watu kwa majina mawili mafupi, ambayo kwa Kiswahili twaweza kusema ni Wakavu na Wabichi, kama tusemavyo nguo kavu na nguo mbichi. Kati ya ukavu na ubichi hapakuwa na neno la tatu. Aliyetaka mvinyo uruhusiwe na pombe kali ikatazwe, au aliyetaka kila mji ujiamulie, hakuwa na jina. Tena majina hayo yalihusu kura, si mwenendo. Warren Harding, seneta wa Ohio na kisha rais kuanzia 1921, alipiga kura pamoja na Wakavu ilhali wiski ikinywewa nyumbani mwake. Jumuiya haikumuuliza anywacho, ilimuuliza apigacho.

Kwa silaha hiyo jambo lilikwenda mbio. Kodi ya mapato iliyoruhusiwa na katiba mwaka 1913 iliipunguzia serikali haja ya kodi ya pombe, na mwaka ule ule Jumuiya ikadai marufuku ya nchi nzima. Mnamo Desemba 1914 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 197 kwa 190, na theluthi mbili hazikufika. Baada ya uchaguzi wa 1916 zilipatikana, na vita dhidi ya Ujerumani viliwadhoofisha watengeneza bia, ambao wengi walikuwa wa asili ya Kijerumani. Rekebisho la 18 la katiba lilipita Bungeni Desemba 1917, likathibitishwa na majimbo Januari 16, 1919, na mwaka mmoja baadaye likaanza kutumika.

Hapo kabari iliwageukia walioigonga. Maadamu sheria haikuwako, kila Mkavu aliweza kuifikiria apendavyo. Ilipokuwako, ilibidi itekelezwe, na magendo, hongo na magereza yaliyojaa yakawa hoja za Wabichi. Chama cha Democratic ndicho kilichopasuka kwanza, kwa kuwa kilikuwa na Wakavu wa Kusini na Wabichi wa miji ya Kaskazini. Mwaka 1928 kilimsimamisha Al Smith wa New York, Mbichi na Mkatoliki. Virginia, North Carolina, Tennessee, Florida na Texas zilimwendea Herbert Hoover wa Republican. Haifai kusema kwamba pombe peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, kwani chuki ya dini ilikuwamo. Kabari aghalabu haiingii peke yake. Lakini mwaka 1932 majimbo hayo yote yalimrudia mgombea wa Democratic, Franklin Roosevelt, ijapokuwa chama chake kiliahidi kuifuta marufuku. Kufikia wakati huo unyonge wa uchumi uliwauma watu kuliko pombe, na urithi wa zamani ukarudi mahali pake.

Silaha yenyewe ilikwisha kuchukuliwa na wengine. Wanawake walipopata kura nchi nzima mwaka 1920, ilidhaniwa kuwa watakuwa Wakavu wote. Mwaka 1929 Pauline Sabin, aliyekuwa mjumbe wa Halmashauri ya Taifa ya chama cha Republican, alianzisha jumuiya ya wanawake waliotaka marufuku iondolewe, na mwaka 1932 jumuiya hiyo ikamwunga mkono Roosevelt dhidi ya chama cha Sabin mwenyewe. Rekebisho la 21 lilipelekwa kwenye mikutano maalumu ya majimbo badala ya mabunge yao, na likathibitishwa Desemba 5, 1933. Mbinu iliyoiingiza marufuku katika katiba ndiyo iliyosaidia kuiondoa.

Tufunge kwa tahadhari impasayo mwanahistoria. Atazamaye kura za Bunge za 1917 huweza kudhani kwamba theluthi mbili za taifa zilisadiki jambo hilo. Hazikusadiki, sehemu kubwa ya wawakilishi iliwaogopa watu wachache waliokuwa tayari kuhama. Woga huleta sheria upesi, lakini hauwezi kuilinda, maana mwoga humtii atishaye kwa wakati huo, na kesho aweza kuwa mwingine. Wala si haki kumdharau mpiga kura wa jambo moja kana kwamba hana akili. Mtu aliyeona jirani yake akiangamizwa na ulevi alikuwa na sababu ya kulitanguliza jambo lake. Kosa lilikuwa la viongozi waliodhani kwamba kura iliyokopwa ni kura iliyotolewa zawadi.