Mbinu za Utafiti Si Sura ya Tatu Tu

Kila mwaka wanafunzi wa shahada ya uzamili hunijia na swali lile lile: "Prof, watu wangapi watanitosha?" Hawajasema bado wanataka kujua nini, ila idadi ya hojaji tayari wanaisaka. Kwao, mbinu za utafiti ni sura ya tatu ya tasnifu, ya kujazwa haraka ili msimamizi atie sahihi.

Hebu tukumbushane. Mnamo 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, mwanahistoria Mwingereza Hugh Trevor-Roper alidai kwamba historia iliyokuwepo Afrika ni ya Wazungu tu. Iliyosalia ni giza. Dai hilo lilikuwa la kibaguzi, naam, lakini lilijificha nyuma ya suala la mbinu: pasipo maandishi, ushahidi uko wapi?

Wasomi wetu wangeweza kujibu kwa hasira. Walijibu kwa kazi. Tayari mwaka wa 1961, Mbelgiji Jan Vansina alikuwa amechapisha kitabu kuonyesha kwamba masimulizi ya mapokeo yanaweza kuhakikiwa kama nyaraka: nani anasimulia, alipokea kwa nani, na ana masilahi gani? Bethwell Ogot aliwaendea wazee wa Kijaluo, akalinganisha nasaba za koo mbalimbali ili kukadiria nyakati. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1967. Godfrey Muriuki naye, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu Wakikuyu, alitumia mariika, yaani marika ya tohara, kupanga miaka ambayo hakuna aliyeiandika.

Anayenivutia zaidi ni Gideon Were. Mwaka wa 1967 alichapisha historia ya Waluhya, na mwaka huo huo akatoa kitabu kingine chenye masimulizi yenyewe aliyoyakusanya. Maana yake ni kwamba msomaji aliyemtilia shaka angeweza kwenda kusoma wazee walisema nini, kisha aamue mwenyewe. Hiyo ndiyo mbinu: kumwachia mwenzio njia ya kukukosoa.

Leo tuna simu zinazorekodi saa nzima bila taabu, na kibali cha NACOSTI huombwa mtandaoni. Hata hivyo, tasnifu ngapi zimehifadhi sauti za waliohojiwa? Mwanafunzi anahitimu, simu inapotea, na mzee aliyesimulia anazikwa. Tunabaki na asilimia ndani ya jedwali, wala hatujui swali liliulizwa kwa lugha gani, au mzee alinyamaza wapi.

Kwa hivyo, anayeniuliza watu wangapi watamtosha humuuliza: unataka kujua nini, nani anakijua, na mimi nitakuhakiki vipi? Akiyajibu hayo matatu, idadi itajileta yenyewe. Asipoyajibu, hata hojaji elfu moja hazitamwokoa.